Foto ya mto iliyosimamisha baraje

Wandugu wa kazi, mama na batoto, leo hatuzungumzi mshahara wala prime. Tunazungumza foto. Si foto ya ndoa, wala ile ya kadi ya kupiga kura. Ni foto ya mulima, ya mto na ya pori, iliyopigwa na apareyi za zamani zenye filimu. Mtu atauliza: sendika inatafuta nini mule? Asome kwanza, ataona.

Karani aliyepiga foto ya ziwa

Mu kisiwa cha Tasmania, kusini ya Australia, kulikuwa ziwa lenye jina Pedder. Lilikuwa mu milima, mbali na barabara. Pwani yake ilikuwa ya mchanga wenye rangi ya waridi, urefu karibu kilometa 3. Wachache tu walifika: kwa miguu, ao na ndege ndogo zilizotua pale pale ku mchanga. Mu miaka ya 1960, idara ya umeme ya Tasmania ikapanga kujenga mabaraje na kufunika lile ziwa na maji.

Mu idara ile ile kulikuwa karani mmoja, Olegas Truchanas. Alizaliwa Lithuania mu 1923, vita ya 40-45 ikamtosha mu nchi yake, akafika Tasmania mu 1948. Kazi yake ya kwanza kule ilikuwa mu kiwanda cha zinki, kusukuma vyuma. Yaani mutu wa kazi sawa sisi. Siku za kongé alibeba apareyi yake na kuingia mu pori. Mu 1958 alishuka peke yake na kayaki mu mito Serpentine na Gordon, mpaka bandari ya Strahan.

Tarehe 7 mwezi wa pili 1967, moto mkubwa wa pori ulifika Hobart. Nyumba yake ikaungua, na karibu foto zake zote za miaka mingi zikaungua nayo. Akaanza tena kupiga, moja kwa moja. Mu 1971 watu walijaa mu nyumba ya mji ya Hobart kuangalia foto za Pedder ku ukuta. Wengi hawakuwahi kukanyaga pale. Njo siku ile walijua ni kitu gani kitapotea.

Lakini baraje ilijengwa. Mwezi wa kwanza 1972, Truchanas akazama mu mto Gordon, wakati alikuwa anarudia kupiga foto ambazo moto ulikula. Mwaka ule ule maji yakafunika Pedder. Leo ile pwani ya waridi inaonekana mu foto tu.

Apareyi yenye kichwa chini

Aliyekuta maiti yake ni kijana ambaye yeye mwenyewe alimufundisha: Peter Dombrovskis. Huyu alizaliwa Ujerumani mu 1945, wazazi wake watu wa Latvia, mama yake akamuleta Tasmania mu 1950. Alishika kazi pale mwalimu wake aliiachia.

Apareyi yake ilikuwa Linhof, ya Ujerumani, ile ya kukunjwa yenye kifua kama akordeoni. Filimu yake si ya kuzungusha. Ni kipande kimoja kimoja, karibu sentimeta 10 kwa 12. Unasimamisha miguu mitatu, unajifunika kichwa na kitambaa cheusi, unaangalia kiyoo cha nyuma. Mule mulima unaonekana kichwa chini, miti inaning'inia kutoka juu. Unapanga, unafunga, unaingiza filimu, unangojea mwanga ukae vizuri. Foto moja inaweza kula saa nzima. Na vyote hivi vilibebwa mu mgongo, siku na siku mu pori yenye mvula.

Faida yake ni nini? Kipande kikubwa cha filimu kinashika kila jani, kila jiwe, kila povu la maji. Ukikiongeza mpaka ukubwa wa mlango, hakichoki. Na kwa sababu filimu ni chache na ni bei, mpigaji hapigi ovyo. Anaangalia mbele ya kufinya.

Sisi watu wa migodi tunapaswa kujua kingine. Filimu iko na feza, ile madini. Juu ya filimu kuna chumvi za feza mu gelatini. Mwanga ukizigusa zinabadilika, na dawa ya mu chumba cheusi inaonyesha sura. Mwili wa lensi nyingi za zamani ulikuwa wa shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Na simu tunayopiga nayo foto leo, mu betri yake kunaweza kuwa kobalti ya Kolwezi. Kila foto, ya zamani ao ya leo, imetoka kwanza mu shimo.

Gazeti, kura na korti

Baada ya Pedder, idara ya umeme ikataka baraje ingine, ku mto Gordon chini ya pale Franklin inaingia, na ingefunika sehemu kubwa ya Franklin. Mara hii watu walisimama. Mwisho wa 1982 na mwanzo wa 1983, zaidi ya watu 1,200 walikamatwa kwa kuzuia mashine. Foto moja ya Dombrovskis, ukungu wa asubuhi ku kona ya mto yenye kisiwa cha mawe, ikachapishwa ukurasa mzima na rangi mu magazeti makubwa ya Australia, mbele ya kura ya tarehe 5 mwezi wa tatu 1983. Iliuliza wapiga kura kama wanaweza kuchagua chama chenye kitaharibu kitu kama kile.

Chama cha Bob Hawke, kilichoahidi kusimamisha baraje, kikashinda. Tarehe 1 mwezi wa saba 1983, korti kubwa ya Australia ikatoa uamuzi, majaji 4 kwa 3: baraje isijengwe. Majaji hawakuhukumu kwa sababu foto ni nzuri. Walihukumu juu ya sheria na mkataba wa urithi wa dunia. Lakini tunaona sisi kwamba sheria peke yake hailete watu ku barabara. Watu hulinda kitu ambacho macho yao yameona, na macho ya wengi yalifika kule kwa njia ya filimu.

Na mkate wa wafanyakazi?

Hapa njo sendika inaingia. Mu miji ya magharibi ya Tasmania, kama Queenstown, wengi walitaka baraje. Hawakuwa watu wabaya. Baraje ilikuwa kazi, na kazi ni chakula ya batoto. Serikali kuu ililazimika kulipa Tasmania makuta ya fidia, ili kazi zingine zianzishwe. Kulinda mto bila kuuliza mfanyakazi atakula nini, ni kazi ya nusu.

Queenstown ni mji wa shaba, kama yetu. Mugodi wa Mount Lyell ulikata miti ya vilima kwa kuwasha matanuru, kisha moshi wa salfa ukaua ile iliyobaki, mvula ikabeba udongo. Vilima vikabaki uchi, rangi ya mifupa. Tukisema vile, mtu wa Lubumbashi haitaji kutafsiriwa. Matanuru yetu yaliwashwa mu 1911, na upande ambako upepo ulipeleka moshi, miombo ilikufa, udongo ukabaki mutupu. Tofauti ni moja: wenzetu wako na foto nyingi za pori lao mbele na nyuma. Sisi, za mbele ziko wapi?

Foto zetu ziko mbali

Zingine ziko Bulaya. Mu 1898 mpaka 1900, msafara wa Charles Lemaire ulizunguka Katanga. Alikuwa na mpiga foto, François Michel, na mchoraji, Léon Dardenne. Foto zao zilipigwa ku vipande vya kiyoo, na kazi yao iko mu makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Mtoto wa Lubumbashi, Sammy Baloji, aliingia mule, akatosha zile foto na michoro, akazionyesha mu 2011 pamoja na mwandishi Patrick Mudekereza. Mbele ya pale, mu kazi yake yenye jina Mémoire, alichukua wafanyakazi wa foto za zamani za kampuni na kuwasimamisha mbele ya viwanda vilivyoanguka vya leo. Mutu akiangalia, anajiuliza mara moja: hawa baba walijenga nini, na kimeenda wapi?

Zingine ziko mu nyumba zetu, mu sanduku chini ya kitanda. Baba wengi wa kazi walikuwa na apareyi. Walipiga foto ya familia ku Lufira, ku Kafubu, ku Lualaba, na nyuma ya bibi arusi kuna kilima ambacho leo ni karieri. Ile kilima ni ushahidi. Kodi ya migodi inaomba kampuni ifanye uchunguzi wa mazingira mbele ya kuanza kazi. Siku kijiji kinabishana juu ya mto, ya shamba ao ya makaburi, foto ya zamani yenye tarehe inasema kitu ambacho mdomo peke yake hauwezi.

Vya kufanya

Kwanza, msitupe negatifu. Foto ya karatasi ni mtoto, negatifu ni mama. Ziweke pakavu, mbali na joto, mu bahasha ya karatasi. Nyuma ya kila foto andika na kalamu ya risasi: mahali, mwaka, nani aliyepiga. Filimu ya rangi inapauka haraka; ile nyeusi na nyeupe ikichungwa vizuri inaishi kuliko mutu.

Pili, kama apareyi ya babu ingali inafinya, jaribuni. Nyingi za zamani hazitaki betri. Kanuni ni nyepesi: jua likiwaka wazi, weka tundu ku 16, na mwendo sawa na namba ya filimu. Filimu ya 100, mwendo 1/125. Filimu ya 200, mwendo 1/250. Mawingu yakija, fungua tundu mpaka 8. Wakati mzuri kwa vilima ni asubuhi na jioni, kivuli kikiwa kirefu, kwa sababu saa sita mulima unakuwa bapa kama karatasi.

Tatu, filimu ni bei na haionekani kila mahali. Basi mwenye simu apige na simu, lakini kwa akili ya filimu: asimame, aangalie, apige moja nzuri, aichunge na tarehe. Na tusipige mashine, askari wala lango la kampuni bila ruhusa. Hatutaki mtoto wa mtu alale mu kashot sababu ya foto.

Mwisho, tunaomba kila sehemu ya sendika, Lubumbashi, Likasi, Kipushi, Fungurume na Kolwezi, ichague mahali pamoja: kilima, mto ao mti mkubwa. Kila mwaka, mwezi wa sita, wakati mvula imeisha na mbingu iko safi, mutu mmoja asimame ku jiwe lile lile na apige foto moja. Nakala moja ibaki ku ofisi ya sendika, ingine kwa chef wa kijiji. Na mbele ya mwezi wa sita, fungueni yale masanduku ya chini ya kitanda mukiwa na wazee, wakati wangali wanakumbuka majina ya vilima.