Kuchungulia Foleni Kutoka Msambweni

Mgeni anashuka uwanja mdogo wa ndege wa Ukunda, simu yake inalia: dereva wako yuko nje, gari jeupe. Ujumbe huo haukutoka hotelini Diani ukatua mkononi mwake moja kwa moja. Ulipanga foleni kwanza. Kompyuta ya hoteli iliuweka kwenye orodha ya kusubiri, kisha programu nyingine ikauchukua zamu yake ilipofika na kuukabidhi kampuni ya simu. Kazi yangu ni kuchunga foleni za aina hiyo. Nakaa Msambweni, wateja wangu wako Diani, na seva zenyewe ziko mbali na sote.

Foleni ipo kwa sababu mtandao hukatika. Ni kama Likoni feri inapokwama: magari hayapotei, yanarundikana tu upande huu, na feri ikirudi yanaanza kuvuka. Ambulensi inayotoka hospitali ya Msambweni hupishwa hata ikiwa imefika mwisho, na foleni za kompyuta nazo huweza kupewa ujumbe wa kupishwa.

Programu ninayoitumia inaitwa RabbitMQ. Ilitoka mwaka 2007, mwaka uleule M-Pesa ilipozinduliwa Kenya, na imeandikwa kwa Erlang, lugha iliyobuniwa katika kampuni ya Ericsson, Uswidi, kwa ajili ya mitambo ya simu. Ina ukurasa mzuri wa kuisimamia, wenye grafu na rangi. Lakini stima ikipotea usiku nami nina bando la simu tu, ukurasa ule huzunguka bila kufunguka. Maandishi hupita. Ndiyo maana nimejiundia chombo cha mstari wa amri: unaandika neno, unabonyeza, kinakujibu kwa maandishi. Asiyewahi kukitumia asiogope. Anayebonyeza *334# ya M-Pesa kwenye mulika mwizi yake yuko karibu sana na kazi hiyo.

Chombo changu kinaitwa foleni, na amri zake ni chache: ona, chungulia, zuia, achia, futa. Ona hutoa orodha ya foleni zote na hali zake. Hiyo haikunisumbua kuunda. Chungulia ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Kuchungulia maana yake ni kusoma ujumbe bila kuugusa. RabbitMQ haina njia ya kawaida ya kufanya hivyo kwenye foleni zake. Unauchukua, unausoma, unaurudisha, nao unarudi na alama kwamba umewahi kutolewa. Programu ya kutuma iliyoandikwa kwa tahadhari ikiiona alama hiyo huenda ikadhani mgeni ameshapelekewa. Yaani kutazama tu kumebadilisha kitu! Beanstalkd, programu nyingine ya foleni, ina amri ya kuchungulia kwelikweli, isiyoacha alama. Mimi nimeamua chombo changu kiseme wazi kabla ya kusoma kwamba ujumbe utatiwa alama, kisha kitoe mchache tu, huku namba za simu zimefichwa isipokuwa tarakimu tatu za mwisho. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ipo, na hata isingekuwepo, sioni kwa nini kijana wa zamu ajue nani amelala hoteli gani.

Sasa kufuta. Amri ya RabbitMQ ya kumwaga foleni humwaga bila kuuliza lolote. Wengi hudhani dawa ni kuongeza swali la ndiyo au hapana. Mimi siliamini swali hilo. Kidole kikishazoea kujibu ndiyo hujibu kabla jicho halijasoma. Napenda zaidi alivyofanya Wietse Venema, aliyeunda Postfix, mtambo wa barua pepe: ukitaka kufuta barua zote zilizo kwenye foleni, lazima uandike ALL kwa herufi kubwa, ukiandika kwa herufi ndogo hukubaliwi. Kafka nayo, programu nyingine ya kupitisha ujumbe, ukitaka kuwarudisha nyuma wasomaji wa foleni, hukuonyesha kwanza kitakachotokea, na haitendi mpaka uongeze neno la kuiamuru itende. M-Pesa inayokuonyesha jina la mpokeaji kabla pesa hazijaondoka inafuata fikra hiyohiyo.

Chombo changu hutaja foleni, idadi ya ujumbe uliomo na umri wa ule mkongwe kuliko wote, kisha humtaka mtu aandike jina la foleni lote kwa mkono. Hata akiandika, ujumbe hauteketei. Unahamia foleni ya pembeni niliyoiita jalala, unakaa wiki moja.

Nimetaja umri, na hapa nina ubishi na wenzangu wanaopenda kuhesabu. Ujumbe elfu unaopungua kila sekunde hauna shida. Ujumbe mmoja uliokaa saa nne ni balaa. Kwa hiyo ona hupanga foleni kwa umri wa ujumbe mkongwe, na idadi hufuata baadaye.

Aliyenisukuma zaidi kuutazama umri huo ni dada wa mapokezi katika hoteli mojawapo. Aliniambia, "Kaka, mgeni ameshakula, ameshalala, halafu simu inamwambia dereva anamsubiri nje." Foleni ilikuwa imetimiza kazi yake barabara: haikupoteza kitu. SMS yenyewe iliundwa na kikomo cha uhai, kinachoweza kuwekwa hadi wiki 63, lakini kikomo hicho huanza kuhesabiwa ujumbe ukishafika kwa kampuni ya simu. Huku kwetu hatukuwa tumeweka chochote.

Tukakaa naye tukapitia kila aina ya ujumbe. Wa dereva, dakika 30, kisha ufe. Wa kumkaribisha mgeni, mpaka saa sita usiku. Wa kumshukuru kwa kutembelea, siku mbili. Ona ikaongezewa safu ya kuonyesha muda uliobaki. Risiti za malipo tulitaka tuzipe mwezi mmoja, lakini mhasibu akakataa katakata, na mpaka leo safu hiyo kwenye foleni yake iko tupu.