Je, Wajua? Bobukati Analindwa kwa Ajili ya Ndugu Zake

Je, wajua kwamba yuko paka-mwitu asiye hatarini, lakini ngozi yake haivuki mpaka bila kibali? Ni bobukati wa Amerika Kaskazini, mwenye mkia mfupi na vishungi vya nywele masikioni. Makadirio ya mwaka 2010 yalionyesha kuwa Marekani pekee ina bobukati kati ya milioni 2.3 na milioni 3.6, na Orodha Nyekundu ya IUCN inamweka kwenye daraja la wanyama wasiotia wasiwasi. Hata hivyo, tangu 1977 yumo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyamapori. Kinachombakiza humo ni sura yake. Ngozi ikishakatwa kichwa na mkia, si rahisi kuitofautisha na ya linksi wa Hispania na Ureno, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 2000 alibakiwa na wakubwa wasiofika 100. Mwaka 2007, mkutanoni The Hague, Marekani iliomba bobukati aondolewe orodhani. Ombi likakataliwa, na ninaona lilistahili kukataliwa: wawindaji haramu wangepitisha ngozi za linksi adimu kwa jina la bobukati.

Je, wajua kwamba Mjerumani Johann Christian Daniel von Schreber, aliyempa bobukati jina la kisayansi mwaka 1777, ndiye aliyempa jina simbamangu wetu mwaka mmoja kabla? Kwa sababu ya vishungi vya masikioni, simbamangu alihesabiwa zamani kuwa linksi. Uchunguzi wa DNA umemrudisha kwa jamaa yake wa kweli, mondo. Jenasi Lynx sasa ina spishi nne tu, bobukati akiwa mmojawapo. Nususpishi zake nazo zimepunguzwa: vitabu vilitaja kama 12, ila mwaka 2017 wataalamu wa paka wa IUCN walizitambua mbili, moja mashariki na nyingine magharibi mwa Nyanda Kuu.

Je, wajua kwamba wingi wake kitaifa haukumwokoa kila mahali? Jimbo la New Jersey lilikuwa limempoteza karibu kabisa, misitu ilipofyekwa. Kati ya 1978 na 1982 bobukati 24 waliletwa kutoka Maine wakaachiwa huko, na bado mwaka 1991 jimbo lilimtangaza kuwa hatarini. California haikungoja hali hiyo: sheria iliyosainiwa 2019 ilisimamisha uwindaji wake kuanzia 2020.