Ameanguka au Nimemwangusha?

Jumamosi iliyopita mwanangu wa miaka minane aliniongoza hadi kibanda cha michezo ya video hapa Bamburi, nikapime kama mchezo wa "The Lion King" unamfaa. Filamu yenyewe, ya 1994, tulikwisha kuitazama nyumbani bila wasiwasi, kwani huko Marekani iliruhusiwa kwa watu wa umri wote. Mchezo ulitoka mwaka huo huo, ukafufuliwa 2019 kwa mitambo ya kisasa. Simba, Rafiki na Pumbaa ni maneno yetu wenyewe, ingawa mzazi wa hapa hangethubutu kumwita mwanawe Pumbaa.

Sikio la mwanaisimu halipumziki. Nyumbani mtoto alisema, "Scar ameanguka." Kibandani alisema, "Nimemwangusha!" Na fisi walipomzidi nguvu akapiga ukelele, "Baba, nimekufa!" Katika filamu, Simba humpa ami yake nafasi ya kukimbia kabla ya pambano la mwisho. Katika mchezo hakuna msamaha: sharti umtupe kutoka jabalini ndipo ushinde. Huruma imeondolewa, na mtenda sasa ni mtoto mwenyewe.

Kwa hiyo kibali cha filamu hakitoshi kuuhukumu mchezo. Alama ya umri ya mchezo nayo huchapishwa kwenye kasha, na kibandani makasha hayaonekani. Huyu nimemruhusu, mradi niketi kando yake. Mdogo wake wa miaka minne nimemkatalia. Amenuna tangu Jumamosi, na mama yake yu upande wake.