Okidi za Milimani: Jinsi ya Kuzipa Maji na Unyevu Nyumbani

Okidi ni maua ya nchi yetu tangu zamani. Nyingine hukaa juu ya miti ya msituni, hata juu ya miti ya kivuli katika mashamba ya kahawa ya Umatengo. Nyingine huota ardhini penye nyasi, nazo zina viazi chini. Wako watu wapendao kuzitunza barazani, na jambo hilo ni jema. Lakini mara nyingi ua lililoletwa nyumbani hufa, na mwenyewe hurudi msituni kutwaa jingine. Hasara hii yapasa izuiwe, maana mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi, haina akiba ya chakula ndani yake, wala haioti yenyewe ila isaidiwe na kuvu. Huwezi kuipanda kama upandavyo mahindi. Kwa hiyo ua moja likifa, si rahisi kulipata badala yake.

1. MAJI NI JAMBO MOJA, UNYEVU WA HEWA NI JINGINE

Mwenye ua aonapo majani yamenyauka hudhani lina kiu, naye huongeza maji. Kumbe mara nyingi mizizi imekwisha kuoza, haiwezi kunywa tena. Ua hufa kwa kiu hali limo majini.

Okidi ya mtini haikai katika udongo. Mizizi yake imevikwa ganda jeupe mfano wa sifongo. Mvua inyeshapo, ganda hilo hunywa upesi na kugeuka rangi ya kijani. Kisha upepo huikausha mizizi, nayo huwa meupe tena. Ukungu wa mlimani ndio uyalindao majani yasikauke. Basi, ua hili lataka hewa yenye unyevu siku zote, na mizizi inyweshwayo kisha iachwe ipate hewa.

Jambo hili si geni kwa Wamatengo. Katika ngoro, shimo hupokea maji ya mvua, lakini mazao hupandwa juu ya kingo, si ndani ya shimo. Okidi nayo yataka maji yawe karibu, isikae ndani yake.

2. MAHALI PA KUIWEKA

Kila ushukapo mita 1,000, joto huongezeka kadiri ya nyuzi 6 za sentigredi. Okidi za baridi hupenda usiku wa nyuzi 10 hata 13, na mchana usiozidi sana nyuzi 25. Mtu wa Litumbandyosi atwaaye ua la vilele vya Umatengo amelishusha penye joto kuliko kwao. Na akaaye ufukoni mwa Ziwa Nyasa, lililo karibu mita 475 tu juu ya bahari, amelishusha zaidi. Ufukoni afadhali kutunza okidi ya chui, iitwayo Ansellia, yenye maua ya manjano na madoa ya kahawia, kwa kuwa hiyo hustahimili joto.

Litundike ua upande wa mashariki wa nyumba, lipate jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Usiliweke karibu na bati, maana bati hutoa joto kali. Wala jikoni penye moshi.

Ulifunge juu ya gogo lenye gome la kukwaruza, au ulipande katika chungu chenye matundu, kwa vipande vya gome na makaa. Usitie udongo wa shamba.

3. KULETA UNYEVU

Tia kokoto katika sinia, mimina maji yasifike juu ya kokoto, kisha weka chungu juu yake. Maji hupanda hewani polepole, na mizizi haiyagusi. Wakati wa joto mwagia maji sakafu ya baraza saa sita mchana. Weka maua yako pamoja, kwa kuwa majani mengi hutunziana unyevu. Lakini usiyafunge mahali pasipo upepo, maana hewa yenye unyevu isiyotembea huleta ukungu na madoa meusi.

4. MAJI KWA KADIRI YA MAJIRA

Tumia maji ya mvua ikiwezekana. Nywesha asubuhi, ili majani yakauke kabla ya jioni. Maji yalalayo katika moyo wa ua usiku wa baridi huuozesha.

Wakati wa mvua, ua la gogoni halihitaji msaada. La chungu, mvua ikiendelea siku nyingi, lisogeze chini ya upenu.

Wakati wa kipupwe, Juni hata Agosti, punguza. Chungu kipate maji mara moja kwa juma, au pungufu.

Wakati wa joto, Septemba hata mvua za kwanza, ua la gogoni lipewe kila asubuhi, la chungu mara mbili au tatu kwa juma. Kabla ya kumwagia, inua chungu: kikiwa kizito, ngoja.

5. OKIDI ZA ARDHINI

Okidi kama Disa, Satyrium na Habenaria hufa majani mvua zikiisha, na kiazi hulala chini. Ua hilo halikufa. Ukilinywesha wakati huo, kiazi huoza. Ngoja mpaka chipukizi litokee.

Kila mwaka kiazi cha zamani husinyaa, na kipya hukua kando yake kwa ajili ya mwaka ujao. Achimbaye kiazi kipya amekata uzao. Viazi hivi huchimbwa katika nyanda zetu za juu na kupelekwa Zambia, ambako husagwa na kupikwa pamoja na karanga, chakula kiitwacho chikanda. Uchimbaji huo ni sababu mojawapo ya kuwekwa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo mwaka 2005.

Atakaye ua la kutunza asikwee mti msituni. Na aokote lililoanguka pamoja na tawi, au lile la mti aukatao shambani mwake.

KUMBUKA

Mizizi meupe: nywesha. Mizizi ya kijani: ngoja.
Maji asubuhi, kamwe si jioni.
Majani yakinyauka, tazama mizizi kwanza, kisha ndipo ushike kata ya maji.