Reggae katika Ndimi za Nyumbani

Mtu akisimama ukingoni mwa uwanda wa juu wa Ufipa akatazama magharibi, huona nchi ikiporomoka ghafula hadi Ziwa Tanganyika, na huko chini, penye ukanda mwembamba wa ufuko, ndipo ilipo Wampembe, makazi ya wavuvi katika wilaya ya Nkasi. Kwa muda mrefu mambo mengi yaliyo mageni yaliwafikia watu wa hapo kwa maji kuliko kwa nchi kavu. Meli ya Liemba, ambayo ilishushwa majini Kigoma mwaka 1915 kwa jina jingine, ikazamishwa wakati wa vita, kisha ikaibuliwa na kurejea kazini mwaka 1927, ilikuwa ikitia nanga mbali kidogo na ufuko, na mitumbwi ikaiendea kupokea abiria na shehena. Na katika shehena hizo, miongoni mwa chumvi, vitenge na betri za redio, zilikuja kanda za muziki: za Kongo, za Zambia kutoka Mpulungu, na, katika miaka ya 1990, za Lucky Dube wa Afrika Kusini.

Kwa hiyo si ajabu kwamba, siku za mbalamwezi, wakati taa za wavuvi wa dagaa hazifui dafu mbele ya mwezi na mitumbwi hupumzishwa mchangani, vijana hushona nyavu zao huku redio ikipiga reggae. Tazama mkono wenye sindano: hungoja, hupenya tundu, huvuta uzi, hungoja tena, na kungoja huko ndiyo siri ya muziki wenyewe. Reggae ilizaliwa Jamaica, mjini Kingston, yapata mwaka 1968, baada ya mitindo ya ska na rocksteady. Ukihesabu nne, aghalabu mpiga dramu huiacha moja bila kishindo na kuweka uzito wake katika tatu. Gitaa hukata kwa mkato mfupi penye mbili na nne. Na gitaa la besi, ambalo katika muziki mwingi ni mtumishi tu, hapa hupewa taadhima ya kuimba. Katikati hubaki nafasi, na nadhani ni nafasi hiyo, kuliko biashara ya kampuni za sahani za santuri, iliyowezesha kila taifa kutia humo lugha yake na majonzi yake.

Ithibati ni nyingi. Alpha Blondy wa Côte d'Ivoire aliimba kwa Kidyula na Kifaransa. Na Bob Marley, usiku wa kuamkia uhuru wa Zimbabwe, Aprili 1980, aliimba katika uwanja wa Rufaro, Harare ya leo, mbele ya watu waliokuwa wametoka vitani. Lucky Dube alikuwa kwanza mwimbaji wa mbaqanga, muziki wa huko kwao, na alipogeukia reggae mwaka 1984 utawala wa makaburu uliipiga marufuku kazi yake redioni. Muziki ambao dhalimu anauogopa hauhitaji mwingine wa kuusifu.

Lakini mimi hupenda kukaa zaidi na habari za kwetu. Huko Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, na kaskazini mwa Rwanda, palikuwa na ibada ya Nyabingi, ambayo viongozi wake, wengi wao wanawake, walikataa kuinamia utawala wa wageni; Muhumuza, aliyekuwa mashuhuri kuliko wote, alikamatwa na Waingereza mwaka 1911 na hakurejeshewa uhuru wake. Habari za ibada hiyo zilivuka bahari katika magazeti ya miaka ya 1930 hadi Jamaica, na wafuasi wa Rastafari wakaliita kwa jina lake kusanyiko lao la ngoma, na ngoma hizo zikawa miongoni mwa mizizi ya reggae. Ndipo kuvuka mto Kagera kwa upande wetu, Bukoba, akatokea Justin Kalikawe, akaimba reggae kwa Kihaya na Kiswahili hadi alipofariki mwaka 2003. Kwangu yeye ni mwalimu mkubwa wa jambo hili, kwa sababu hakumwigiza Mjamaika. Bibi wa Kihaya asiyejua Kingston iko wapi aliweza kumsikiliza na kuelewa.

Wengine walitangulia au walifuata. Them Mushrooms wa Mombasa walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuupiga mdundo huu katika Afrika Mashariki. Jah Kimbute aliupigania Dar es Salaam. Jhikoman ameufanyia makao Bagamoyo. Na Ras Nas, mshairi na mwimbaji, ameupeleka pamoja na Kiswahili chetu hadi Oslo. Tena Dar es Salaam ilikuwa imekwisha kufungamana na Jamaica kwa fikra: mwanahistoria Walter Rodney, ambaye serikali ya Jamaica ilimkataza kurudi nchini humo mwaka 1968 kwa sababu ya kukaa na kuzungumza na mafukara na marasta, alikuja kufundisha katika chuo kikuu chetu hadi mwaka 1974.

Licha ya hayo, wazazi wengi bado humwona kijana mwenye nywele za rasta wakafikiri bangi kabla ya kusikia anachokiimba. Hofu ya mzazi ina haki yake, lakini hukumu isiyotanguliwa na usikivu ni dhulma, na muziki ambao UNESCO iliuingiza mwaka 2018 katika orodha ya urithi wa wanadamu wastahili kusikilizwa walau mara moja kwa makini.

Nami natamani kwa moyo wote kuusikia kwa Kifipa. Kijana wa Wampembe anayo maneno tele ya kuutilia: nyavu zilizochukuliwa na dhoruba, mgebuka unaouzwa kwa bei aliyoipanga mchuuzi, mlima mrefu anaoupanda mgonjwa kutafuta hospitali. Vyombo anavyohitaji ni gitaa, besi na ngoma, na ngoma Ufipa haikupungukiwa nazo kamwe.