Gemu uliyoinunua isiombe ruhusa kila siku

Jumapili ya Mei 12, 2024, mikongo miwili ya mawasiliano iliyolazwa chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Ujumbe wa WhatsApp ulikwama na tiki moja, kurasa za benki hazikufunguka, na aliyekuwa na bando lililojaa hakuwa na tofauti na asiye na hata MB moja. Lakini aliyekuwa na PlayStation 4 na diski ya gemu ya mpira aliendelea kucheza kama kawaida. Alichohitaji ni umeme tu.

Hali ingekuwa nyingine kama wazo moja la Microsoft la mwaka 2013 lingeshika na kuigwa. Kwa wazo hilo, mashine ya gemu ingelazimika kujiripoti mtandaoni walau mara moja kila saa 24. Ikishindwa, inagoma kucheza, hata kama gemu ni ya mchezaji mmoja, hata kama diski imo ndani na risiti unayo.

Mjadala huo haujaisha. Kila kampuni inapotoa mashine au gemu mpya, swali hurudi: je, ni haki kumlazimisha mnunuzi awe na intaneti muda wote ili atumie kitu alichokwisha kukilipia?

Wiki nne za mtafaruku

Microsoft ilitangaza Xbox One Mei 21, 2013. Wiki mbili baadaye ikafafanua masharti: ukaguzi kila baada ya saa 24 kwenye mashine yako, na kila baada ya saa moja ukiwa umeingia kwa akaunti yako kwenye mashine ya mwenzako. Kuuza au kumpa mtu gemu iliyotumika nako kukawekewa masharti.

Wachezaji walikuwa wamekwisha kunusa hatari. Aprili mwaka huo, mfanyakazi mmoja mwandamizi wa Microsoft, Adam Orth, aliwakejeli kwenye Twitter waliolalamikia mashine zinazotegemea intaneti, akiwataka waizoee hali hiyo. Siku chache baadaye hakuwa tena kazini. Juni, bosi wa Xbox wakati huo, Don Mattrick, akatia chumvi kwenye kidonda: aliposhinikizwa kuhusu wasio na intaneti ya uhakika, alijibu kwamba wapo wanaoweza kutumia Xbox 360, yaani mashine ya zamani. Miongoni mwa waliolalamika walikuwamo wanajeshi wa Marekani, wanaokaa melini au kambini wiki nyingi bila mtandao.

Sony haikulaza damu. Juni 10, jukwaani kwenye maonyesho ya E3 mjini Los Angeles, Jack Tretton wa Sony alitangaza kuwa PlayStation 4 haitadai ukaguzi wowote wa mtandaoni kwa gemu za diski, na ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Sony ikatoa na video fupi ya kufundisha namna ya kuazimana gemu: Shuhei Yoshida wa Sony anamkabidhi mwenzake Adam Boyes kasha, Boyes anashukuru, somo limekwisha. Bei nayo ilikuwa dola 399 dhidi ya dola 499 za Xbox One.

Juni 19, Microsoft ilifuta masharti hayo yote. Mwezi uliofuata Mattrick alikwenda kuiongoza kampuni ya Zynga. Mashine zikaingia sokoni Novemba, lakini jeraha lilibaki. Mwaka 2022 Microsoft yenyewe iliwaeleza wasimamizi wa ushindani wa Brazil kwamba Sony ilikuwa imeuza PlayStation 4 zaidi ya mara mbili ya idadi ya Xbox One. Sababu za anguko hilo ni nyingi, bei ikiwamo, ila hakuna anayezitaja bila kugusa zile wiki nne.

Hoja za watengenezaji

Tusiwaonee. Microsoft haikuja mikono mitupu. Iliahidi kwamba ukishaingiza gemu kwenye mashine, diski ungeiweka kabatini, na kwamba maktaba yako ya gemu ungeweza kuigawana na hadi ndugu kumi. Bila ukaguzi, mtu mmoja angenunua diski, akaingiza gemu, kisha diski hiyo ikazunguka mtaa mzima. Ukaguzi ulipofutwa, ahadi hizo nazo zilifutwa.

Uharamia pia si hadithi. Aliyekulia mitaa yetu enzi za PlayStation 2 anajua mashine zilizowekwa chipu na gemu za kunakiliwa zilizouzwa kama karanga. Mtengenezaji aliyetumia miaka na mamilioni ya dola ana haki ya kulinda jasho lake. Na zipo gemu ambazo bila intaneti hazina maana: watu mia wanaopambana kwenye uwanja mmoja hawawezi kukutana ndani ya diski.

Hoja inapinda pale sharti linapobandikwa kwenye gemu isiyolihitaji. Machi 5, 2013, kampuni ya EA ilitoa SimCity, gemu ya kujenga na kuendesha mji kwenye kompyuta. Hata aliyetaka kujenga peke yake alilazimika kuunganishwa na seva za kampuni. Seva zilizidiwa siku ya kwanza, na wanunuzi wakakaa kwenye foleni wakisubiri kuingia kwenye miji yao wenyewe. Waliambiwa kwamba seva zinafanya hesabu ambazo kompyuta ya nyumbani haiziwezi. Kabla mwezi haujaisha, mtundu mmoja akaonyesha gemu ikiendelea bila seva. EA iliwapa wanunuzi gemu nyingine ya bure kama kifuta machozi, na mwaka mmoja baadaye ikaruhusu SimCity kuchezwa bila intaneti. Kilichosemekana hakiwezekani kikawezekana.

Sharti limerudi kimyakimya

Kampuni zilijifunza, lakini si somo tulilotarajia. Hakuna tena anayepanda jukwaani kutangaza ukaguzi wa saa 24. Sharti sasa linakuja vipande vipande, gemu moja moja.

Machi 2022 Gran Turismo 7 ya PlayStation ilizimwa kwa matengenezo ya seva yaliyovuka saa 30. Ni gemu ya magari, na sehemu yake kubwa mtu hucheza peke yake. Hata hivyo waliokuwa na diski mkononi hawakuweza kuigusa sehemu hiyo, kwa sababu gemu hutaka kuwasiliana na seva kwanza. Mwaka huohuo diski ya Call of Duty: Modern Warfare II kwa PlayStation 5 iligunduliwa kuwa na data isiyofika hata MB 100. Gemu yenyewe, yenye makumi ya GB, ilibidi ipakuliwe. Mnunuzi alikuwa amelipia ufunguo uliochorwa sura ya diski.

Kisa cha The Crew ndicho kichungu zaidi. Ubisoft iliitoa mwaka 2014, ikaiuza kwa bei kamili, na Machi 31, 2024 ikazima seva zake. Kwa kuwa gemu haikuweza kufunguka bila seva, diski zake zote duniani ziligeuka plastiki tupu siku hiyo. Hasira za wanunuzi zilizaa kampeni ya Stop Killing Games, iliyoanzishwa na Ross Scott, ambayo kufikia Julai 2025 ilikuwa imekusanya saini zaidi ya milioni moja barani Ulaya kutaka sheria ya kuzuia gemu zilizouzwa kuuawa namna hiyo.

Sisi tuko wapi?

Kwa mchezaji wa Afrika Mashariki kuna mzigo wa ziada. Mtandao wa PlayStation hauzitambui Tanzania wala Kenya kama nchi za kufungulia akaunti. Barani Afrika inatambuliwa Afrika Kusini pekee. Kijana wa Kinondoni au Nyali anayetaka akaunti hulazimika kujiandikisha kama mkazi wa Uingereza au Marekani, kisha hutafuta kadi za malipo za nchi hiyo kwa mawakala. Kila alichonunua kinasimama juu ya anwani asiyoishi.

Mei 2024, siku chache kabla ya mikongo kukatika, Sony ilitangaza kuwa wachezaji wa Helldivers 2 wa kwenye kompyuta nao watalazimika kuwa na akaunti ya PlayStation. Gemu ikaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 zisizo na huduma hiyo, ilhali wapo waliokwisha kuinunua huko. Maoni hasi zaidi ya laki mbili yalimiminika kwenye duka la Steam, na ndani ya siku tatu Sony ikarudi nyuma.

Sasa ingia kwenye kibanda cha gemu mtaani. Chumba kimoja, televisheni tatu au nne ukutani, benchi la mbao, waya za pedi zimefungwa kwa utepe wa gundi mahali zilipochanika. Vijana hulipa kwa mechi au kwa saa, aliyefungwa anapisha. Mwenye kibanda anapiga hesabu ya pango, ya umeme wa LUKU, na ya pedi ambazo vijiti vyake huchoka upesi. Intaneti haimo kwenye hesabu hiyo. Mashine zake zimezimiwa mtandao kwa makusudi, kwani zikiunganishwa tu zinaweza kuanza kujipakulia masasisho ya GB kadhaa na kumaliza bando la simu anayoitumia kugawa mtandao.

Ukaguzi wa kila siku wenyewe usingemla bando kubwa. Ni data kidogo sana. Ubaya wake ni kwamba riziki ya siku ingetegemea mambo asiyo na mamlaka nayo: mkongo baharini, mnara wa simu, seva iliyoko Marekani, au uamuzi wa serikali. Uganda ilizimiwa intaneti kwa siku tano Januari 2021. Tanzania ilizimiwa kuanzia siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025. Katika siku kama hizo gemu ni jambo dogo mno, lakini zinathibitisha kwamba muunganiko si kitu ambacho mnunuzi anaweza kukidhamini.

Mstari uchorwe wapi

Gemu inayokutanisha watu mtandaoni idai mtandao. Hilo halina ubishi. Uthibitisho wa mara moja wakati wa kuingiza gemu nao unavumilika. Kukagua kila siku gemu ya mtu anayecheza peke yake hakuvumiliki. Ni sawa na aliyekuuzia cherehani kuja kila jioni kuuliza kama bado ni yako.

Zaidi ya hapo, sharti la mtandao liandikwe mbele ya kasha kwa herufi zinazosomeka, na kampuni inayofunga seva iache gemu katika hali ya kuweza kuchezwa. California imeanza: tangu Januari 2025 sheria yake inawataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali wamwambie mnunuzi waziwazi kwamba anachopata ni leseni, isipokuwa pale ambapo kweli anakimiliki. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya 2003 na tume ya kuisimamia. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya 2012. Zote zinamkataza mfanyabiashara kumpotosha mteja, na diski isiyo na gemu ndani inastahili kupimwa kwa kipimo hicho.

Wakati tukisubiri, mwenye PlayStation au Xbox ahakikishe mashine yake imesajiliwa kuwa ya msingi kwenye akaunti yake. Mpangilio huo huruhusu gemu nyingi zilizopakuliwa kucheza bila mtandao, na wengi hawajui kwamba upo. Na kabla ya kulipia gemu mpya, muulize muuzaji swali moja tu: nikizima intaneti, itacheza? Kama hana jibu, fedha yako ibaki mfukoni.