Uganga wa Mila Mbalimbali Katika Safari za Kishujaa za Glorantha

Mwaka 1974 ulitolewa nchini Marekani mchezo uitwao Dungeons & Dragons, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, na kwa mchezo huo ikaenea namna mpya ya hadithi. Watu wachache huketi pamoja, kila mmoja akajivika nafsi ya mtu wa kubuniwa, na mmoja wao akawa msimulizi. Jambo lenye shaka huamuliwa kwa kurusha dadu. Mwenye maneno ya uganga katika mchezo huo hapo awali aliyahifadhi moyoni mwake, akayatamka mara moja, nayo yakamtoka hata ayasome tena. Ni hesabu tu, mfano wa mishale katika podo.

Greg Stafford (1948–2018) alishika njia nyingine. Nchi yake ya kubuniwa, Glorantha, alianza kuiandika mwaka 1966 alipokuwa mwanafunzi, na mwaka 1978 ikawa uwanja wa mchezo wa RuneQuest. Humo uganga haupambanukani na mila. Wapo watu watoao kafara kwa miungu yao na kuigiza matendo ya miungu hiyo. Wapo wafanyao maagano na pepo kwa mkono wa mganga apaaye kiroho. Na wapo wenye elimu ya kitabu, wamwaminio Muumba mmoja na kutawala nguvu za dunia kwa kanuni na hesabu. Katika Hero Wars ya mwaka 2000 na HeroQuest ya mwaka 2003 mafungu haya matatu yalitengwa kwa ukali, kila moja likawa na ulimwengu wake wa ghaibu, na aliyemwabudu pepo kana kwamba ni mungu aliambulia kidogo. Matoleo ya baadaye yaliulegeza mpaka huo, na yafaa isemwe kwamba yalifanya vema, kwa maana mila za watu hazikai katika visanduku.

Mchanganyiko huonekana hasa katika safari ya kishujaa, ambapo mtu huuacha wakati wa kawaida akaingia katika Wakati wa Miungu, akapita mahali alipopita mungu wake. Iliyo mashuhuri kupita zote ni ile ya Waleta Nuru. Orlanth, mungu wa tufani, alimwua Yelm, mfalme wa jua, dunia ikaingia giza. Ndipo akashuka kuzimu kumrudisha, pamoja na mganguzi, mjuzi wa maandiko, mfanya biashara, ayari mmoja, mwanadamu wa kawaida, na mmoja asiyejulikana vema. Lakini kwa watu wa jua Orlanth huyo ni mwasi aliyemwua mfalme wa haki. Basi wakiingia safari moja mtu wa tufani na mtu wa jua, tukio ni lile lile, lakini shujaa wa mmoja ni adui wa mwenziwe. Msimulizi mwenye busara hawapatanishi kwa maneno matamu. Huuliza kila mmoja amesimama mahali pa nani katika kisa, na atalipa nini kwa kusimama hapo.

Glorantha yenyewe ina kisa cha waliokosea katika jambo hili. Wanazuoni waitwao God Learners walikusanya visa vya mataifa yote wakavifanya kisa kimoja, wakaamini kwamba miungu wenye kazi moja ni mmoja kwa majina mbalimbali. Ili kuhakikisha, waliwabadilisha mahali miungu wawili wa kike wa nafaka, kila mmoja katika nchi ya mwenziwe. Mavuno yakaharibika, na wanazuoni hao nao mwishowe wakaangamia na milki yao. Stafford alikuwa msomaji wa Joseph Campbell, ambaye kitabu chake cha mwaka 1949 chahubiri kisa kimoja cha mashujaa wote; hapana budi kisa hiki kisomwe pia kama jibu la mwanafunzi kwa mwalimu.

Kosa hilo hilo humnyemelea afasiriye michezo hii kwa Kiswahili. Akiandika "uchawi" kila mahali, amekwisha kubadilisha miungu wa nafaka. Uchawi kwa Mswahili ni madhara ya siri, na mchawi hajisifu mbele za watu. Mwenye kitabu wa Glorantha ni mtu wa dini na mwenye heshima mjini. "Mnajimu" ni finyu, "mganga" ni pana mno. Labda "mganga wa kitabu", jina lijulikanalo pwani, ndilo lililo karibu. Kwa mafungu mengine lugha ina akiba: kafara na tambiko, kupunga pepo, hirizi na talasimu, kila neno na mahali pake. Tena pwani mganga mmoja aweza kuandika kombe asubuhi na kupunga pepo usiku, wala wateja wake hawaoni ajabu. Ama neno "kuzimu" halihitaji kutafutiwa badala: lachukua shina lile lile la mzimu, na humo ndimo Orlanth alimoshuka.